Okestra, Mashine na Selo ya Mama Watoto

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza shajara. Mtunzi mkubwa huwa na shajara. Watakaokuja kuchunguza maisha yangu nikishakufa wasipate taabu ya kubahatisha.

Kwa faida yao: mchana mimi ni muuzaji katika duka la vigae na masinki. Jioni ni mpiga matoazi wa okestra ya mji. Kazi ya matoazi ni kusubiri. Wenzangu wanapiga, nasubiri. Wanafunua kurasa, nasubiri. Halafu chwaa! Kisha nasubiri tena. Mtu aliyesubiri miaka yote hiyo hupata nafasi ya kufikiri, na mimi nimefikiri. Okestra yetu imezeeka. Inataka umeme.

Na bahati ikaja yenyewe. Mwalimu, mzee anayetuongoza, ametangaza kwamba onyesho la Jumamosi ya wiki ijayo litafunguliwa na kipande kipya, kilichotungwa na mmoja wetu. Daktari wa Meno, ambaye hupiga tarumbeta na kujiona, akanyoosha mkono. Eti ana wimbo wa gwaride tayari nyumbani. Nikanyoosha wangu juu zaidi. Nilisahau kwamba toazi lilikuwa bado kiganjani. Likagonga dirisha. Watu wote wakageuka. Vizuri! Angalau safari hii walinisikia bila kusubiri.

Mama Watoto hakugeuka. Huyo ni mke wangu, na ndiye mpiga selo pekee tuliye naye. (Selo ni ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukumbatiwa.) Njiani aliniuliza nimeanza lini kutunga. Nikamwambia leo. Akacheka mpaka akasimama. Nilikuwa nimembebea selo yake, kama kila siku ya mazoezi. Ni mzigo mkubwa, lakini tunaongea njia nzima, na wapita njia hudhani mpigaji ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua kinanda cha umeme kilichokwisha tumika, na programu ya kutungia muziki nimeiweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Muuza Vinanda ni kijana mpole, ana subira ya muuguzi. Alinieleza, bila kuulizwa, namna ya kuanza kuchanganya sauti za okestra na za mashine. Anza na kitu kimoja, akasema. Chukua mvumo mmoja tu wa umeme, uweke chini ya nyuzi za watu, taratibu, kama zulia chini ya meza. Usikilize. Ukiona meza imetulia ndipo uongeze kingine.

Nilimshukuru. Ushauri mzuri kwa wanaoanza.

Mimi nimeanza na sauti zote. Ndani ya programu kuna fidla, tarumbeta, ngoma, kengele, upepo, roboti, na moja inaitwa “Alfajiri ya Chuma”. Nikazipanga zote pamoja, ziingie kwa mpigo mmoja, kwa nguvu. Nikabonyeza. Kikatoka kitu kama lori la mchanga linamwaga mzigo juu ya harusi. Nilijaribu kupunguza, lakini kila niliyoiondoa niliionea huruma. Nikairudisha.

Mama Watoto alichungulia mlangoni akauliza kama kompyuta imeanguka. Nikamwambia huo ndio ufunguzi. Akasema pole, akaenda zake kupiga selo chumba cha pili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa ubaya uko wapi. Si mimi. Ni selo ya mashine. Ngoma ya mashine inavumilika, kengele zake ni nzuri hata kuliko za kweli, lakini selo yake ni mbu ndani ya chupa. Na ukutani, upande wa pili, selo yenyewe inalia. Mama Watoto kila jioni hupiga mazoezi yake, noti moja moja, ndefu, kabla ya kupiga chochote kingine. Nilikaa nikasikiliza. Ile sauti inaingia mtu kifuani na kukaa.

Mtu wa kawaida angekwenda akamwomba apige. Mimi nikawaza mbali. Nikimwomba ataomba nota zilizoandikwa. Akipata nota atashika kalamu. Mara ya mwisho alipoona kitu nilichokiandika (ilikuwa kadi ya kumtakia mama yake afya njema) alinisahihisha mahali patatu. Kisha utunzi mzima ungekuwa wake! Tena kwa upande mwingine ni ukarimu. Selo ikiwa ndani ya mashine, mwenyewe atapumzika.

Basi. Kinasa sauti changu nimekifunika kwa taulo ndani ya kikapu cha nguo chafu, na kikapu nimekiweka nyuma ya kiti chake. Ili asishuku nilisema nguo zote nitafua mimi. Alinitazama kwa upendo ambao sijauona tangu mtoto wa pili. Roho ilinisuta kidogo. Nikajitia hamnazo.

Noti zote zimenaswa. Nguo pia nimezifua, maana hakusahau.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI!

Tulikwenda nyumbani kwa Mwalimu, mimi na Daktari wa Meno, kila mtu na kazi yake. Gwaride la Daktari ni refu, na tarumbeta inapiga mwanzo, katikati na mwisho. Wengine wamepewa kazi ya kuisindikiza. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba linafaa kwa gwaride.

Yangu akaisikiliza akiwa macho. Nilikuwa nimezikata zile noti za Mama Watoto moja moja na kuzipanga upya kwenye kompyuta, ukatoka wimbo wa selo ambao hajawahi kuupiga mtu. Mwalimu alisema yale makelele ya mwanzo yote yatoke. Ubaki mvumo mmoja wa kinanda, nitakaoushika mwenyewe kwa kidole, na okestra iingie juu yake. Ngoma na kengele za kompyuta zije baadaye, kidogo kidogo. Lakini hiyo selo, akasema, hiyo selo! Nani anapiga? Nikasema ni siri, ataisikia siku ya mazoezi. Nikakubali masharti yake yote. Mtunzi mwerevu hukubali, halafu hufanya anavyotaka. Baadaye nilipojaribu kufanya nilivyotaka ikawa lile lori tena, kwa hiyo nimeacha alivyosema.

Alipokuwa anatusindikiza Mwalimu aliniambia nichunge jambo moja. Mashine haisubiri mtu, akasema, na kazi yote ya kiongozi wa okestra ni kusubiri watu. Kuna wa filimbi, mama mtu mzima, akifika ile sehemu ya juu lazima avute pumzi, na sote humngoja. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Daktari wa Meno hakuniaga.

Jumapili, 9 Machi

Mama Watoto aliniuliza nota zake ziko wapi, maana mazoezi ni Jumanne. Nikamwambia katika kipande changu apumzike tu, amepangiwa jambo zuri. Akasema sawa. Alionekana kufurahi, nadhani alifikiri nimemtungia kitu cha peke yake.

Alasiri alipigiwa simu. Ile okestra kubwa ya upande wa pili wa mji, yenye ukumbi wa viti vya kukunja na mavazi ya sare, wanamtaka. Si mara ya kwanza. Mazoezi yao ni siku zilezile za kwetu, kwa hiyo akienda huko, huku hayuko. Nilimsikia akikataa. Nikamuuliza kwa nini anakataa neema, akajibu huku anamenya karoti: huku tunakwenda pamoja, tunarudi pamoja, huko nitarudi na nani?

Nilijisikia fahari. Mtu anakataa okestra kubwa kwa ajili ya mabega yangu! Ila nimetambua pia kwamba sisi tukibaki bila selo, tumekwisha. Okestra bila selo ni nyumba bila ukuta wa nyuma. Ni bahati kwamba sasa ninayo kwenye kompyuta.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa ajili ya historia tu.

Mambo yalianza vizuri. Niliketi mbele, upande wa kulia wa Mwalimu, kinanda mapajani na kompyuta juu ya kiti. Mbele! Daktari wa Meno alikuwa nyuma yangu. Nikashika mvumo. Fidla zikaingia. Nikabonyeza, na selo ya kompyuta ikaingia.

Kwanza, ilikuwa juu. Si juu sana. Juu kiasi cha kukera, kama picha iliyotundikwa upande. Okestra nzima inaimba hapa, selo inaimba pale, na katikati meno yanakufa ganzi. Wa fidla wakaanza kutazamana. Nikawatazama na mimi, kwa lawama.

Pili, kulikuwa na kwii. Kila selo ilipofika kwenye noti ya La, ile ya sita katika do-re-mi, ikalia kwii, kilio kidogo kama panya aliyekanyagwa. Wa filimbi aliinua miguu. Mlinzi wa ukumbi akaja na ufagio. Nikaijua ile kwii mara moja. Ni kiti chetu cha nyumbani. Mama Watoto akivuta upinde kwa noti ile, huegemea.

Na yeye akaijua vilevile. Alikuwa amekaa kwenye safu yake, selo mbele yake, mikono mitupu. Alisikiliza mpaka Mwalimu aliposimamisha, kabla hatujafika ile sehemu ya juu ya filimbi. Alifuta upinde, akaifunga selo kwenye kasha lake, na tulipotoka akaibeba mwenyewe.

Njia nzima nilitembea mikono ikining'inia. Sikujua pa kuiweka.

Nyumbani ndipo alipozungumza. Hakupandisha sauti hata kidogo, bora angepandisha. Alisema: “Umenirekodi kwenye kikapu cha nguo chafu.” Nikasema kilikuwa safi, nguo ndizo zilikuwa chafu. Akanitazama. Akasema: “Ungeniomba, ningekupigia. Usiku na mchana ningekupigia. Wewe ukaona bora uniibe, halafu mwenyewe unikalishe niwe mtazamaji.” Akaenda kupiga simu. Aliwaambia wale wa okestra kubwa kwamba ameanza kufikiri upya, atawapa jibu Jumapili. Kwenye nyimbo nyingine za onyesho atapiga kama alivyoahidi. Kwenye kipande changu, atakaa tu.

Nimeelewa kosa langu. Ilipasa niiondoe ile kwii kabla.

Jumatano, 12 Machi

Kwii imetoka. Kazi ya asubuhi nzima, nyuma ya masinki, meneja akidhani nahesabu vigae. Nilimwonyesha Mama Watoto matokeo ili afurahi. Aliondoka chumbani.

Imebaki ile habari ya kuwa juu. Nilikwenda ukumbini nikamkuta Bibi wa Kinanda, mkunga mstaafu anayepiga piano yetu kubwa ya ukumbi. Nikamlalamikia kwamba okestra nzima ina kasoro, inapiga chini ya mashine. Akacheka. Mwanangu, akasema, hilo kila mtu analijua. Piano hii imeshuka siku nyingi. Nyuzi zake ni kuukuu, hakuna anayethubutu kuzikaza. Kwa hiyo kabla ya mazoezi mimi hugonga La, na wote hushuka mpaka ilipo. Tumeshuka pamoja, hakuna anayejua. Hata mkeo, nyumbani analinganisha selo yake kwa kile chuma cha sauti, inakuwa sawasawa. Akifika hapa, kabla hajakaa, anazilegeza nyuzi zote nne ili afanane na sisi. Kila siku. Kwani hujamwona?

Nikasema nimemwona.

Sijamwona. Mimi ambaye nikigonga kigae kwa ukucha najua kama kina ufa! Nimekaa nyuma yake miaka, nasubiri chwaa yangu, na sijamwona hata siku moja.

Ilinisumbua kwa muda. Kisha nikarudi kwenye jambo kubwa zaidi. Katika programu kuna mahali pa kushusha sauti yote ya mashine. Muuza Vinanda alinionyesha, ni kugeuza tu. Lakini nimejiuliza: kwa nini usasa umpigie magoti uzee? Piano ndiyo mkosaji. Mkosaji ndiye anyooshwe!

Alhamisi, 13 Machi

Nimemleta Fundi Piano ukumbini wakati watu hawapo. Mlinzi nilimwambia tunapima sakafu kwa ajili ya vigae. Fundi akafunua, akaguna. Akasema kuipandisha piano yote kwa mpigo mmoja ni kuikata nyuzi, kazi hiyo ni ya miezi, leo kidogo, mwezi ujao kidogo. Nikamwambia onyesho ni keshokutwa. Akaanza kufunga mkoba wake.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nikamuuliza: vipi tukipandisha noti moja tu? Ile La. Maana okestra haifuati piano yote, inafuata La peke yake! Ikipanda La, wote wanapanda, wanakuja sawa na mashine yangu, na hakuna aliyeguswa.

Fundi alinitazama kwa muda mrefu. Aliniuliza kama nina mtu wa nyumbani anayeweza kuja kunichukua. Lakini akaikaza. Wakati anaondoka alisema yeye hakuwahi kufika hapa, na tukikutana njiani hatujuani.

Nimelala vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Mazoezi ya mwisho. Bibi wa Kinanda akagonga La. Akasita, akaitazama piano. Lakini okestra ikaifuata kama kondoo, nyuzi zikakazwa, na nikaona Mama Watoto leo hajalegeza kitu, amekunja uso. Tukaanza kipande changu. Sawasawa kabisa! Mashine na watu, mtu mmoja. Nilimgeukia Daktari wa Meno ili aone uso wangu.

Kisha Bibi wa Kinanda akaingia na piano.

Siwezi kuandika ilivyokuwa. Okestra ilikuwa juu, piano ilikuwa chini, isipokuwa noti moja iliyokuwa juu na kuzungukwa na jamaa zake wote walio chini. Jamani! Ilikuwa kama mtu anashuka ngazi na katikati hapana daraja. Mwalimu akasimamisha. Akaomba turudie. Tukarudia. Akasimamisha tena, akaweka fimbo yake juu ya nota, akajishika sikio.

Akasema polepole, bila kutulaumu, kwamba kwa miaka yote hajawahi kusikia okestra hivi. Na kwa kuwa sisi sote tumelinganisha mbele yake, kilichoharibika ni masikio yake. Alijua siku hii itakuja, akasema, ila alidhani itabisha hodi. Kesho atampa nafasi mtu mwingine atuongoze. Akaketi. Mzee aliketi kwenye ukingo wa jukwaa kama abiria aliyeachwa.

Hapo nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Kikatoka kikohozi.

Mama Watoto aliinuka. Akaenda kwenye piano, akagonga La, akagonga La ya chini yake, akagonga tena ile ya kwanza. Kisha akaninyooshea macho. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wa kale, na mimi mshindo ule niliusikia kuliko chwaa zangu zote. Alinifuata karibu akaniuliza kwa sauti ya chini sana fundi huyo anakaa wapi.

Tulikwenda pamoja kumtafuta. Fundi alijifanya hanijui, kama alivyoahidi, lakini Mama Watoto alipomwambia shikamoo akachukua mkoba wake na kutufuata. La ikarudi ilipokuwa. Mbele ya watu wote Mama Watoto alimwambia Mwalimu: “Noti ilikuwa imeguswa. Masikio yako mazima, Mwalimu. Hapa ndani ndiyo peke yake yaliyosema kweli.” Hakusema iliguswa na nani. Mwalimu alicheka, kisha akatoa kitambaa akajifuta uso, akasema ni jasho.

Nilimshukuru Mama Watoto nje. Akasema hakufanya kwa ajili yangu. Nikamuuliza kuhusu Jumapili. Akasema Jumapili haijafika.

Nyumbani nimeishusha mashine. Nimegeuza pale pa kugeuza, kwenye programu na kwenye kinanda. Imechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Jumamosi, 15 Machi

Onyesho.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa koti la harusi. Kompyuta juu ya kiti, kinanda mbele yangu, kidole kwenye mvumo. Mama Watoto alikuwa kwenye safu yake, selo imeegemea bega lake kwa ajili ya nyimbo zitakazofuata, mikono mapajani. Sikumtazama. Nilimtazama mara nyingi.

Tulianza vizuri. Mvumo, fidla, kisha selo ya kompyuta, sawasawa, bila kwii. Niliwaona watu wa safu ya mbele wakiinua shingo. Nikaanza kufikiria nitainama vipi.

Wa filimbi akafika ile sehemu ya juu. Akavuta pumzi. Mwalimu akainua mkono, okestra nzima ikamngoja, kama ilivyomngoja siku zote.

Kompyuta haikumngoja.

Selo ikaenda. Peke yake! Ikapita kona, ikamaliza sehemu ile yote, nyuma yake okestra inakuja mbio na viatu mkononi. Ngoma za kompyuta zikaingia mahali ambapo hapana ngoma. Nikabonyeza isimame, ikarudi mwanzo ikaanza upya kwa furaha. Nikavuta waya, nikavuta na wa pili. Kompyuta ikazima. Na selo ikazima nayo, na mbele ilikuwa imebaki nusu nzima ya kipande, ile nusu ambayo ndiyo selo yenyewe, wengine kazi yao ni kuisindikiza. Nilisikia Daktari wa Meno akivuta hewa ya kucheka.

Kilichobaki ni mvumo. Kidole changu cha kushoto kilikuwa bado kimeukandamiza, kwa woga kilikuwa kimekufa ganzi, hakitoki. Mvumo mmoja tu, chini, na juu yake hakuna kitu.

Ndipo selo ikaingia.

Sikugeuka, sikuhitaji kugeuka. Hakuwa na nota. Lakini noti zote zilikuwa zake, nilimchukulia moja moja kutoka kwenye mazoezi yake mwenyewe, na wiki nzima amezisikia kupitia ukuta. Alizipiga zote. Ila yeye alizipiga kwa kupumua. Mwalimu alipopunguza, akapunguza. Wa filimbi alipoishiwa, akamngoja, akamshika mkono kwa noti moja ndefu mpaka akafika. Na ule mvumo wangu ukakaa chini yake umetulia, sauti ya waya na sauti ya mti, na sikuweza kusema moja inaanzia wapi na nyingine inaishia wapi. Ndicho nilichokitafuta tangu mwanzo. Nililia. Naandika hivyo hivyo, nililia, machozi yakadondoka kwenye kinanda, na sikujali Daktari wa Meno ananiona.

Walipopiga makofi Mwalimu alimsimamisha Mama Watoto kwanza. Kisha mimi. Niliinama vibaya kwa sababu kidole kilikuwa bado hakijatoka.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi aliwapigia wa okestra kubwa. Nilisimama nyuma ya mlango na moyo mkononi. Aliwaambia hapana, anawashukuru, ana watu wake. Kisha akaja akanikuta hapo nyuma ya mlango, akasema atabaki. Nikamuuliza kwa nini, baada ya yote niliyomfanyia. Akasema jana kwa mara ya kwanza alinisikia nikikaa kimya na kusikiliza, na kilikuwa kitu kizuri kupigia juu yake. Ila sharti moja: akitakiwa, aombwe. Nisimnase tena kwa siri maisha yangu yote. Nikaapa. Nikaapa kwa mikono miwili, na nikasema nampenda, na nikaibeba selo kutoka chumbani hadi sebuleni ingawa hakuna aliyekuwa anakwenda mahali.

Mchana nimepata utulivu wa kuyapima mambo yote kitaalamu. Siri ya ushindi wa jana ni kwamba nilivuta waya kwa wakati. Mtunzi mwingine angeduwaa. Kwa hiyo nimeanza kipande cha pili, kikubwa zaidi, sauti zote za programu kwa pamoja, na safari hii naona kinachokosekana ni tarumbeta. Ya kwenye mashine ni honi ya baiskeli. Ya Daktari wa Meno, lazima nikiri, ni dhahabu, na nasikia kila saa ya chakula hufunga mlango wa zahanati yake akapiga mazoezi.

Mama Watoto alisema aombwe yeye. Sikusikia akimtaja daktari.

Nimeweka miadi ya kesho, ya mwisho kabla ya chakula. Nitaketi kwenye kile kiti chake cha wagonjwa mpaka aanze kupiga. Meno yangu hayana tatizo lolote, kwa hiyo nimechagua gego la nyuma, nalo nalishikilia tangu saa tisa ili nizoee. Mama Watoto amenionea huruma, amenichemshia maji ya chumvi. Amesema atanisindikiza anishikie mkono. Ameuliza tu kwa nini nataka kwenda na koti zito la mifuko mikubwa katika joto hili. Nimemwambia gego linapenda joto.